Mundu wa Shoto

Barua ya halmashauri imebandikwa mlangoni:
mita hamsini kuizunguka nyumba,
kabla Aprili haijaisha,
pasibaki kichaka cha kulisha moto.

Nimerudi kutoka Lyon, miaka thelathini na mmoja
ya kupanga vigae kwenye mabafu ya watu,
na mlima umeingia uani bila hodi.
Miiba ya maua ya manjano imefika dirishani.
Mikaratusi, unene wa kifundo cha mkono,
imesimama pale mama alipopanda viazi
kama wageni wa mazikoni waliosahau kuondoka.

Mchagua jembe si mkulima, husema watu.
Basi mimi si mkulima. Nilichagua siku nzima.

Dukani kwa Abílio, kule bondeni,
nilipima vitu mkononi kama mnunuzi wa samaki.
Msumeno wa petroli: kilo sita,
mzuri kwa gogo, lakini gogo sina;
mche mwembamba hautulii, unatetemeka tu,
na mnyororo unaokota mawe ukang'oka meno.
Mashine ya kufyekea, rangi ya chungwa:
"Uifunge kisu cha pembe tatu," akasema Abílio,
"uzi wa nailoni ni wa nyasi za makaburini.
Na uvae kioo usoni. Firmino wa kinu cha maji
alidharau, sasa anaiona nusu ya misa."
Mkasi wa mikono mirefu niliununua bila kubishana.
Na sululu, kwa sababu mkaratusi uliokatwa shingo
hautafuti kaburi, unatafuta mvua.
Kisha mbuzi. Abílio hauzi mbuzi,
ila binamu yake anao kumi na wanne
na kila mteja lazima asikie habari zao.

Nyuma ya pipa la divai, chini ya gunia,
niliukuta mundu wa mama.
Mpini wa mzeituni umebonyea alipokuwa akiushika,
kinoo kimeula ubapa mpaka umebaki kama ukucha.
Nikautia makali, nikatema mate kwenye jiwe kama yeye,
nikashuka kwenye miiba nikapiga.
Ukateleza.
Nikapiga tena: ukaruka juu ya shina,
ukarudi kunitafuta goti.
Nikasema chuma kimezeeka.
Nikasema mkono wangu umezoea gundi na vigae.
Mpaka nilipougeuza kwenye mwanga
nikaona umenolewa upande usio wangu.

Mama alikuwa mashoto.

Kila Jumapili simu: bei ya mafuta,
goti lake, nani amekufa, nani ameuza shamba.
Na kabla ya simu, miaka kumi na tisa
nilikunywa supu aliyoipakua kwa mkono huo huo,
nikatazama bakuli.

Mhunzi anaweza kuusaga upya,
dakika kumi, euro tano, ukawa wa mkono wa kulia.
Niliufunga kwenye gazeti nikafika nao hadi langoni.
Nikarudi.

Nikaushika kwa shoto.
Kidole gumba kikaangukia chenyewe kwenye kishimo cha mpini.
Nilikata kama mtoto anayejifunza kuandika,
herufi kubwa, zilizopinda, zinazotoka nje ya mstari,
nikilivuta shina badala ya kulipiga,
maana mundu si panga:
panga hugomba, mundu huomba.

Jioni nikapima kwa hatua. Mita tatu,
tatu na nusu kama mkaguzi ana moyo.
Na chini ya miiba, safu moja ya viazi
vilivyojiotea bila mtu, majani madogo,
ya kijani kizito, yamechafuka udongo.
Hivyo nimeviruka.

Kesho nitaiwasha ile ya rangi ya chungwa.
Zimebaki mita arobaini na saba, mgongo ni mmoja,
na Aprili haimsubiri mtu anayekumbuka.
Ila kuizunguka safu hii
nitakuja kwa mkono wa shoto,
kinoo mfukoni, polepole,
kama mtu aliyeulizwa swali
na sasa tu ndio amelisikia.