Tone Juu ya Ubao

Sindano nimeinunua duka la dawa Kirumba, shilingi mia tatu.
Kipimapembe ni cha mkebe wa shule wa mwanangu Nkwimba.
Ubao ameukata fundi Malongo
ubavuni mwa mtumbwi unaovuja, akasema:
"Upime. Mimi nimechoka kupimiwa kwa maneno."

Nimefunga dirisha. Upepo wa ziwa ukiligusa tone,
tone hutetemeka kama mtu anayedaiwa kodi.
Nasukuma taratibu. Linatoka, linaning'inia,
linawaza,
linadondoka.

Ubao mtupu: halikukaa. Limelala, limetandaa,
limenywewa kama uji mbele ya mgonjwa aliyepona.
Nyuzi ishirini, kisha kumi, kisha sina cha kupima,
doa tu.
Ubao uliosuguliwa mafuta ya sangara: limeketi,
limekusanya pindo lake
kama mgeni asiyetaka kukanyaga mkeka.
Nyuzi mia na mbili. Narudia. Mia. Mia na nne.

Nimepima na mengine yasiyoagizwa:
bati la jikoni lenye masizi;
jani la gimbi kutoka bondeni Butimba, huko tone ni gololi,
linakimbia kabla sijaweka jicho;
jabali la nyuma ya nyumba, ambalo mvua imeliosha
tangu kabla ya jina Mwanza, na bado lina kiu.

Hili hakuna aliyeniambia ila sindano:
ukiyavuta maji nyuma, hayarudi kwa njia yaliyopitia.
Ukingo unang'ang'ania. Pembe inapungua,
mia, sabini, arobaini,
na tone limeshika pale pale liliposhika,
jembamba, kaidi,
mpaka linaachia kwa mshtuko.
Nikaukumbuka mlango wa Igogo, mkono wangu kwenye komeo,
miezi minne baada ya kusema naondoka.
Hilo sikuliandika.

Jioni Malongo kaja. Nikamwonyesha namba.
Hakuzitazama. Akatia kidole kwenye ndoo,
akadondosha maji ubaoni, akashusha jicho usawa wake,
akafumba jingine kama anayelenga ndege.
"Limekaa," akasema.
"Mia na mbili," nikasema.
"Ndiyo. Limekaa.
Na jua likishayala hayo mafuta?"

Nikafungua ukurasa mpya.
Nikaandika tarehe, mbele yake nikaacha wazi.