Kimya, Nukta, Baa

Mume wangu ana viwanja mia mbili na kumi na kimoja
wala hakuna hata kimoja kilichowahi kuota nyasi.
Havina mpaka, havina jirani wa kugombana naye,
havishiki theluji hii inayotuzibia mlango hapa Plzeň.
Ni majina matupu: neno, nukta, kisha neno jingine.

Shuleni nilifundishwa nukta ni mwisho wa sentensi,
unaiweka, unavuta pumzi, unafunga daftari.
Vlastimil anasema sivyo, Drahomíra,
siku hizi nukta ni mlango.
Zamani nyuma yake palikuwa na vyumba vichache,
vyote vikakaliwa na waliowahi;
sasa wameongeza ghorofa: nukta kahawa, nukta viatu,
nukta farasi, nukta harusi, nukta baa,
na aliyechelewa jana leo anaweza kuwa wa kwanza.

Mimi ni mfamasia. Najua dawa huharibika tarehe ikipita.
Majina yake nayo ni vivyo hivyo:
yakikosa ada ya mwaka yanarudi sokoni.
Basi kila Januari tunakaa jikoni,
yeye na miwani, mimi na penseli,
supu ya kabichi ikipoa katikati.

"Hili la sabuni?" "Lipia. Sabuni haina msimu."
"Farasi kumi na wanne?" Ananyamaza.
Wenye ghorofa wamepandisha kodi ya farasi mara tatu.
"Lipia wawili," anasema, kwa sauti ya mtu
anayechagua ni watoto gani wapate blanketi.

Miaka tisa. Ameuza matatu.
La kwanza lilitununulia mashine ya kufulia,
la pili lilitengeneza jino langu,
la tatu lilimezwa na ada za yale yasiyouzika.
Mvumilivu hula mbivu, sawa,
ila hakuna aliyetuambia kwamba mti wenyewe
tunaukodi mwaka hadi mwaka.

Sasa sikiliza wewe, karatasi, maana yeye sitamwambia.
Mwaka juzi nilikata jina moja kwa uamuzi wangu.
Alikuwa ameinuka kuzima jiko.
Kimya, nukta, baa.
Nani, niliwaza, katika nchi hii ya bia
atakwenda baa ili anyamaze?
Nikaokoa bei ya viatu vya mvua.

Siku ya themanini lilidakwa.
Siku ya mia na kumi likauzwa, kwa bei
ambayo ingetubadilishia paa
na chenji ikatupeleka baharini.
Vlastimil aliisoma habari hiyo akinyoa ndevu,
akatoka bafuni na povu shavu moja.
"Kadi ya benki," akasema. "Lazima kadi iligoma."
Nikasema, "Kadi hizi."

Machi nilimdanganya kwamba naenda kwa dada yangu Květa,
nikapanda treni hadi Brno.
Baa ipo. Mlangoni unavua kofia na maneno.
Unaagiza kwa kidole. Watu ishirini na ushei,
kila mmoja na glasi yake,
hakuna sauti ila koo zinazomeza.
Na kwenye kadibodi ya duara, chini ya bia yangu,
kwa herufi ndogo nyeusi, lilikuwepo: jina letu.
Nilikunywa mbili. Aibu yangu si kwamba nililia.
Aibu yangu ni kwamba nilistarehe
kuliko nilivyowahi kustarehe popote.

Ile kadibodi nimeificha kwenye sanduku la bandeji,
chini kabisa, asikofika kwa kuogopa damu.

Januari imerudi. Supu inapoa.
"Nukta harusi," anasema, "tunayo tisa."
Nachonga penseli, naiweka chini.
"Lipia yote," namwambia.
Ananigusa paji la uso
kuona kama nina homa.