Ngamani

Wiki tatu mfululizo nimerudi na maji ambayo sikuyaalika.
Si mengi. Vikombe viwili, siku nyingine vitatu,
yanatembea ndani ya kayaki yangu kutoka omo hadi tezi
kila ninapoinama kumnasua samaki ndoana,
kisha yanarudi, polepole,
kama mgeni anayetafuta choo gizani
na anaona haya kuuliza.

Hapa Luiziana ya kusini, barabara inapoishia kwenye nyasi za maji chumvi,
kila mtu ni fundi wa kayaki ya mwenzake.
Ursin, jirani, akasema: Ni mpira wa mfuniko, Odalie. Umekauka.
Nikanunua mpira mpya, dola kumi na moja.
Vikombe viwili.
Mpwa wake Télesphore, asiyepanda kitu kisicho na injini,
akasema: Hilo ni jasho la plastiki.
Nikamtazama mpaka akakumbuka ana kazi kwao.
Binti yangu Clélie akapiga simu kutoka Houston:
Mama, si ununue nyingine?
Nikamwambia, nami navuja hapa na pale,
mbona hujatafuta mama mwingine?

Wahenga walituusia habari za ufa na ukuta.
Hawakusema ufa unatafutwaje.

Jumamosi nikailaza kifudifudi juu ya meza mbili
kama mtoto wa kukandwa mgongo.
Makombe ya chaza yameandika humo miaka tisa ya haraka zangu.
Nikapitisha kidole kwenye matundu ya kutolea maji,
pale kigari cha magurudumu husugua.
Hakuna.
Nikaleta kifyonza vumbi cha sebuleni,
nikageuza bomba lipulize badala ya kunyonya,
nikaliingiza penye kizibo, nikaziba kwa tambara
(si kwa nguvu: plastiki nayo ina kifua chake),
na kwa burashi ya rangi nikaipaka sabuni ya vyombo,
kuanzia omo, nikibana pumzi yangu mwenyewe.

Matundu, kimya. Mshono, kimya.
Nikaigeuza chali. Mfuniko, kimya.
Kulia kwa kiti, chini ya kishikio cha fimbo ya mshipi,
povu likachomoza,
dogo kama jicho la uduvi.
Likavimba, likapasuka, likachomoza tena.

Kishikio kile nilikifunga mwenyewe, Aprili,
kwa keekee ya kuazima na pupa ya msimu,
skrubu nne, na gundi nikasema nitatia kesho.

Skrubu tatu zilitoka kwa ukaidi.
Ya nne niliing'oa kwa vidole, kama jino la mtoto.
Nikafuta kwa spiriti, nikangoja pakauke
(huku kukauka ni kwa kubembeleza, hewa yenyewe ni shuka mbichi),
nikajaza gundi nyeusi, nikatia bolti, na nati kwa ndani,
mkono umezama tumboni mwa kayaki hadi kwapani,
shavu limelala kwenye plastiki ya moto.
Kaza kidogo. Iache ilale. Kesho ndipo ukaze kabisa.
Safari hii kesho ilifika.
Ursin alisimama na kahawa yake, hakutaja mpira wa mfuniko,
nami sikumkumbusha.

Jumatatu alfajiri nilipita juu ya bustani ya bibi yangu.
Kina chake sasa ni futi tatu.
Hapo hakuna pa kupaka sabuni:
nchi hii inavuja kote kwa mpigo mmoja,
na mwenye keekee hasimami jirani na kahawa.
Nikatupa mshipi palipokuwa na bamia.
Nikapata wawili wekundu, kila mmoja na doa lake mkiani.

Saa nne nikafungua mfuniko.
Enda tezi, enda omo, nilijua marejeo ni wapi.
Nikaingiza sponji ngamani.
Ikatoka kama ilivyoingia,
na mchanga kidogo,
na buibui mmoja, mkavu, amekasirika.