Upande wa Pili, Dakika ya Kumi na Nne

Kanda kumi na moja ndani ya mkebe wa siagi,
juu ya kabati la marehemu mama, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Hewa ya chumvi imeshakula skrubu.
Kila ubavu una mwandiko uleule, wino wa buluu:
Bibi. Misisipi. 1969.

Mwalimu Odessa Pruitt alipanga chumba chetu cha uani
miaka mitatu, akifundisha hesabu,
akashika Kidigo cha kugombea bei sokoni,
kisha akaondoka na begi moja.
"Nitunzie sauti ya bibi yangu," alimwambia mama,
na mama akaitunza kama alivyotunza kila kitu:
juu, mbali na panya,
karibu na watoto.

Juzi imefika barua. Verlene, binti wa kaka yake.
Shangazi hatunaye tena. Je, bado mnazo?

Nafungua kanda kwa bisibisi ya fundi miwani.
Ukungu umeota kwenye utepe kama unga wa muhogo.
Nafuta kwa spiriti na pamba, shubiri kwa shubiri,
na mle ndani bibi anasimulia pamba:
gunia lilivyomchubua bega tangu ana miaka sita,
msimamizi alivyopenyeza goti chini yake
likipimwa, uzito upungue,
akidhani mtoto hajui kusoma mshale.
Kiingereza chake si kile cha darasani Usagara;
anameza miisho ya maneno, narudisha, narudisha tena.
Sisi husema fulani katia pamba masikioni.
Sijawahi kuuliza pamba hiyo kaichuma nani.

Umeme unakatika. Nazungusha kwa penseli gizani
nikimkumbuka babu Shekigenda, mkata katani wa Pongwe:
mzigo ukipungua jani, siku haikuandikwa kwenye kipande.
Hayo nimeambiwa. Sauti yake hatuna.
Hakuna aliyemwekea kinasa mezani.

Umeme unarudi. Kanda ya saba, upande wa pili.
Odessa, kijana bado, anauliza:
"Na yule bibi yako aliyezaliwa utumwani, aliitwaje?"
Kiti kinalia. Bibi anavuta pumzi.
"Aliitwa —"

Tak.

Kisha sauti nyembamba, ya puani:
Hii ni Redio ya Uani. Bwana Jogoo wa Ngamiani
anasikitika kutangaza kifo cha mkewe, Bi Kishingo,
kilichotokea leo mchana, sufuriani.
Habari ziwafikie Bata wa Makorora, Kanga wa Pangani,
na ndugu na jamaa wote popote walipo.

Sauti hiyo ni yangu.
Nilikuwa na miaka saba, na kitufe chekundu kilikuwa kitamu.

Ningeweza kupeleka kanda kumi,
niseme ya saba imeoza.
Ukungu ungebeba lawama, ukungu hauna mdomo.
Nimekaa na wazo hilo mpaka chai ikapoa,
nikamwaga chai.

Kwenye daftari la kusindikiza nimeandika:
Kanda ya 7, upande wa pili, dakika ya 14, sekunde ya 9.
Jina limefunikwa na mtoto wa mwenye nyumba.
Mtoto huyo ndiye anayeandika.
Kuku alikuwa mwekundu, wa shingo tupu. Jina lake limehifadhika.

Sekunde arobaini, kisha tak nyingine,
na bibi anarudi katikati ya kicheko:
"— na hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe."

Naongeza sauti. Naziba dirisha kwa blanketi,
pikipiki za mtaani zisiingie.
Chini ya tangazo langu kuna mchakato kama mvua ya mbali;
pengine ni yeye, pengine ni utepe tu.
Nimesikiliza mshono ule mara thelathini.
Kipande kizima.
Kesho naanza kingine.