Mavuno ya Juzi

Ndahani, mtoto wa zabibu za Dodoma,
alishika kibuyu kama bilauri ya kioo,
akakizungusha, akanusa, akafumba macho.
Mama Kyarisiima akacheka: "Kunywa, mwanangu,
hiyo si dawa."

Tulitoka Ishaka na matope hadi magotini,
nyumba tatu, tonto tatu:
ya kwanza changa, bado ina utamu wa ndizi,
ya pili inanukia moshi wa mtama uliokaangwa,
na hii ya tatu tuliionja wima mlangoni,
mvua ikitusukuma ndani.

Sechelela akauliza mwaka wa mavuno.
"Juzi," mama akajibu,
"na keshokutwa itakuwa siki."

Hapo Ndahani akaacha kunusa.
Akanywa.

Nami mwenyeji, niliyekulia hapa,
nikaomba nionyeshwe mtumbwi
zinamokanyagwa ndizi.
Sikuwahi kuuona.