Tunzo Zinapokelewa Mezani

Mimi siimbi. Nauza fulana
kwenye meza ya kukunja, kando ya choo cha wanaume,
ukumbi wa Ghubra, juu ya duka la matairi.
Fulana nyeusi riali tano, beji baisa mia tano,
na kaseti kumi na mbili zisizo na wa kuzicheza.
Bendi inaitwa Kiyoyozi Kibovu,
kwa ajili ya gereji ya Mawaleh walikojifunzia,
Agosti, mlango umefungwa majirani wasiseme,
mpaka jasho la Azzan likalegeza ngozi za ngoma.

Watu mia na sitini, nimewahesabu.
Wanakuja mezani na mapenzi tele,
wanaishika fulana, wanaipima kifuani,
wanaipiga picha, wanairudisha imefumbatwa.
"Mashallah, Mungu awazidishie!"
Naitikia amina, naikunja upya.
Amina haiingii kwenye tangi la petroli.
Nyuzi za besi la Mundhir zinatoka Dubai
na ushuru wake.

Kijana mmoja akauliza kama nyimbo zipo bure kwenye simu.
Zipo, nikamwambia. Ukizisikiliza mara elfu
tunapata bei ya sambusa.
Akacheka. Sikuwa natania.
Alinunua beji.

Wimbo wa nne, ule wa polepole,
Raya kafumba macho,
akainuka Bi Shinuna, shangazi yake,
noti ya riali tano kaikunja kwa urefu
na kuinyanyua juu ya kichwa,
mabega yanakwenda na besi, hana haraka.
Wanafunzi wa chuo wakampisha
bila kujua wanampisha kwenda wapi.
Mlinzi akamzuia kwenye kamba.
Alimjibu kwa Kiarabu, Kiarabu kikali,
ila neno *kutunza* akaliacha kwa Kiswahili
maana kwingine hakulipata.
Mlinzi akatazama huku, akatazama kule,
akaninyooshea mimi kidole.

Akafika hasira zimempanda, noti bado iko hewani.
"Tunzo siku hizi zinapokelewa na karani?"
"Ndiyo, shangazi. Na karani anatoa fulana."
"Ya nini? Mtu hatunzi akarudishiwa chenji!"
"Chukua. Usipochukua itakuwa nimeomba."
Alinikazia macho ubeti mzima.
"Basi nipe kubwa kuliko zote," akasema,
"nisije nikabanwa na ujinga wenu."

Mcheza kwao hutunzwa, tumeambiwa.
Hatukuambiwa kwao ni wapi
kwa watoto wanaoimba Kiswahili cha bibi zao
kwa gitaa la umeme, Maskati,
mbele ya watu ambao nusu yao hawaambulii neno.
Usiku ule sikuwa na nafasi ya kulifikiria,
nilikuwa na hesabu.

Pesa za mlangoni zilikwenda na mwenye ukumbi.
Kwenye bati la biskuti: fulana tisa, beji thelathini na moja,
kaseti moja, kanunua fundi wa sauti;
tulikataa hela yake, akaiacha chini ya spika.
Jumla riali sitini na mbili na nusu.
Sitini tukaziweka kwa nyuzi, na petroli ya kwenda Sur.
Zilizobaki tukanywa karaki, wanne, tumesimama,
na Azzan akaongeza cha pili bila kuuliza mtu.

Mwezi uliopita nimemkuta Bi Shinuna
kwenye foleni ya zahanati, Khoud,
buibui wazi, fulana juu ya dera.
Sabuni imekula maandishi.
KIYOYOZI kimefutika chote,
kimebaki KIBOVU, kifuani, herufi kubwa.
Nikataka kumwambia. Akaniwahi.
"Najua. Daktari akishasoma
hana haja ya kunipima."
Kisha akafungua mkoba.
"Mnapiga lini tena? Na zamu hii
nitolee nyeupe."