Mizani ya Sikio

Miaka thelathini na mmoja nimekagua mizani.
Magu, Misungwi, Kwimba, hadi Ukerewe ng'ambo,
na mawe yangu ya shaba ndani ya kasha la mbao,
nikimwambia karani wa pamba mbele ya watu wake:
mzani huu unakula kilo mbili kwa kila mfuko.
Walinichukia kwa heshima.

Sasa nina kiinua mgongo, na spika mbili ndefu
alizoniachia shemeji alipohamia Bukoba,
na amplifaya ya zamani iliyokufa kwa moshi
usiku ule umeme ulipopanda na kushuka
kama mgonjwa wa homa.

Basi nimo dukani kwa Pravin, juu, nyuma ya Makoroboi.
Pazia zimefungwa, feni imezimwa isije ikatia neno.
Amplifaya mbili mezani, kila moja imejitosheleza,
yote yamo sanduku moja.
Ya kwanza ina madirisha mawili ya buluu
na sindano zinazochezacheza, uso kama wa bwana harusi.
Ya pili nyeusi, kitufe kimoja,
imenuna kama mkaguzi.

"Zote wati mia," asema Pravin,
"tofauti yake ni bei ya mabati arobaini."
Hakusema mabati. Mimi ndiye niliyesikia mabati,
maana asubuhi Nyamizi, akikoroga uji,
alinikumbusha chumba cha nyuma, Buhongwa, bado kiko wazi,
na mvua za vuli haziulizi mtu anasikiliza nini.

Nimekuja na santuri yangu.
Bendi ya vijana wa bandarini, ukumbini, sabini na sita,
mjomba Magesa kwenye tumba,
aliyejisifu hadi siku ya kufa
kwamba hajawahi kukosa pigo.

Ya buluu ikaimba. Tamu, jamani.
Besi ikaingia ikaketi kama mgeni mnene,
koo la mwimbaji limepakwa samli,
na mjomba akapiga vilevile alivyosimulia.
Pravin akaanza kutafuta kitabu cha risiti.

"Sasa hiyo nyingine."

Mwanzo nilidhani ni mbovu.
Kisha nikasikia kiti kikiburuzwa.
Nikasikia soda ikifunguliwa, mtu akikohoa upande wa kushoto,
ukumbi ukaota kuta,
na kwenye ubeti wa tatu, mahali nilipopita mara mia,
mkono wa mjomba ukanyanyuka
haukushuka.
Pigo moja. Pengo kama la jino.

Nilikaa kimya. Mzani umeshasema.
Nawajua watu waliolipa zaidi ili wasiambiwe;
nimekula chai yao, nikawaandikia faini.
Nikahesabu noti za ile nyeusi,
ambayo, Mungu anisamehe, ndiyo ghali.

Kilo ishirini na sita: niliipima.
Vijana wawili wakaipandisha Mabatini kwa zamu,
ngazi za mawe, kona za majabali, kuku wakitupisha,
ziwa likizidi kupanuka nyuma ya visogo vyetu.
Nyamizi akaifungulia mlango.
"Karibu, bati," akaiambia.
Sikujibu. Nilianza na stabilaiza.

Jumapili akaja Kalekwa, mjane wa mjomba,
macho yamefifia, masikio hayajambo.
Nilinuia kuuruka ubeti wa tatu.
Kidole kilifika kitufeni
kikasita.
Pengo likapita sebuleni, wazi, mchana kweupe.

Mama yule akacheka, akafunika mdomo kwa khanga.
"Hapo ndipo nilipoingia," akasema.
"Kivuko cha Kamanga kilinichelewesha.
Alikuwa anatazama mlango."

Nyamizi akatoka jikoni, mikono ina unga,
akakalia ukingo wa kochi.
"Rudisha kidogo," akasema.
"Hapo pasipo na kitu."